Jetoni Mbili, Msumari Mmoja

Lubumbashi, 12 Oktoba 1975

Baba mpendwa,

Clovis, mbeba barua wetu, amenipa barua yako pale kituoni, pamoja na viazi vitamu. Viwili alivila njiani ndani ya treni, amekiri mwenyewe bila haya.

Umeniuliza: "Ile kazi yako njo kazi gani?" Nikikujibu kwamba naandika programu, utasema nakuficha kwa Kifaransa. Basi nisikilize. Mashine yetu inajaza chumba kizima, lakini haijui kitu. Kila hatua uiandikie: chukua namba hii, iweke pale, jumlisha, nenda mstari ule. Ina visanduku kumi na sita tu vya kufanyia kazi, ndiyo mikono yake. Programu kubwa, ile iliyoachwa na Mbelgiji aliyerudi kwao, inaziita programu ndogo ninazoandika mimi. Inapoita, kisanduku kimoja kinashika orodha ya vitu inavyonipa, kingine kinashika mahali pa kurudi nikimaliza. Kabla sijagusa chochote, lazima nihifadhi visanduku vyote mahali salama. Mwishoni navirudisha vilevile nilivyovikuta, halafu narudi pale nilipoitwa.

Walipotufundisha hivyo nilicheka peke yangu darasani, watu wakanigeukia. Nimekulia dirishani pa chumba chako cha taa, Baba! Mchimbaji anatundika jetoni yake, kile kibati chenye namba yake, msumarini, anachukua taa, anashuka chini. Akipanda anarudisha taa, anachukua jetoni. Na wewe huna ruhusa ya kufunga mlango maadamu jetoni moja bado inaning'inia.

Kazi niliyopewa ni kupima mawe yaliyobaki mgodini, galeri kwa galeri, yale mahandaki yenu yote. Nina miezi sita. Programu isipotembea mwezi wa nne, narudishwa kutoboa kadi, na chumba changu cha hosteli kinaenda kwa mwingine. Chifu ameniambia bila kuzunguka.

Hapa naitwa citoyenne Chileshe, yaani raia Chileshe, maana majina ya Kikristo yamekatazwa. Siku ya posho, Jumamosi, natoka saa sita mchana, na tangu hapo hakuna mtu anayenisalimia mpaka Jumatatu. Jina la Léonie nalisoma tu kwenye barua zako.

Binti yako,
Léonie


Kambove, 20 Oktoba 1975

Mwana wangu Léonie,

Barua yako ilifika. Nilisoma mara mbili, na Aruna, musaidizi wangu wa chumba ya taa, akasoma ya tatu kwa sauti, sababu miwani yangu haione tena muzuri. Kumbe ile mashine iko mujinga vile! Miye nilifikiri balikupeleka kule kufanya kazi na kintu ya mayele.

Sikia. Unasema hauna mutu wa kukuita jina. Ile siku ulienda, nilikata kipande ya shaba, nikapiga jina yako na musumari, LEONIE, herufi moja moja. Ile E ya mwisho iko yenye kulala kidogo, utanisamehe. Nikaitundika pa musumari yangu, yulu ya jetoni yangu 212. Sikukuambia, sababu ungelia mu train mbele ya bantu. Basi iko pale. Loi ya chumba ya taa unaijua: jetoni ikiwa ku musumari, mwenye taa hafungi. Nitakungoya.

Aruna anakusalimia. Anasema siku moja atachukua nafasi yangu. Namujibu: ngoya kwanza nizeeke.

Baba yako,
Kapya


Lubumbashi, 16 Novemba 1975

Baba,

Nimeaibika. Ngoja nikueleze, labda utacheka, na ukicheka wewe nitapona.

Programu yangu ndogo ilitakiwa kupewa urefu wa galeri. Sasa, mashine hii ina desturi yake: haikupi kitu chenyewe mkononi, inakupa adresi ya mahali kilipowekwa. Programu yangu ikaenda pale, ikaanza kupima kipande baada ya kipande, na kila kipande ikakipunguza kwenye ule urefu wenyewe, hadi ikafika sifuri. Ikarudi imefurahi. Programu kubwa ilipoutafuta urefu wake ikakuta sifuri. Galeri ya mita mia tatu imetoweka! Chifu alisimama katikati ya ofisi akasema, "Citoyenne Chileshe amefunga mgodi." Wote walicheka. Nami nilicheka, halafu nikaenda kunawa uso.

Sasa nimejua. Ukipewa adresi, nakili kwanza kilichomo, ufanye kazi na nakala. Cha mwenyewe ukiache.

Wenzangu si wabaya, lakini wana nyumba zao. Jumamosi nilitembea mpaka posta na kurudi, bila barua ya kutuma, ili tu niwe miongoni mwa watu. Niambie habari za nyumbani. Mlango wa jikoni bado unalia? Yule paka wa jirani bado anakuibia?

Léonie


Kambove, 25 Novemba 1975

Mwana wangu,

Nilicheka mupaka kifua ikanikamata. Weye ulionyesha mutu etajere, ile mbao ya kupangia taa, ukamuambia "iko pale," alafu unashangaa anachukua yote! Taa unaitoa mwenyewe na mukono, unamupa moja. Zile zingine zinabakia za nyumba. Muambie chifu wako ni Kapya anasema.

Mulango ya jikoni inalia tu vile vile. Paka iko, muzima, muizi.

Hapa mvua ilinyesha siku ya tatu ya juma na upepo mubaya. Ilitoa manjanja, mabati mingi, yulu ya manyumba, na kuriant ya umeme ikakatika mupaka asubui.

Kintu ingine. Ile viatu yako mipya ya kisigino inakuumiza, unatembea sawa mutu anakanyaga moto. Vaa ile ya zamani. Na siku ya posho, ukitoka ku kazi, usiangalie chini. Inua kichwa. Uko mutoto wa bantu.

Usikuje kwanza. Kazi mbele.

Baba yako,
Kapya


Lubumbashi, 18 Januari 1976

Baba,

Nani alikuambia habari ya viatu? Clovis ameapa kwa marehemu mama yake kwamba si yeye. Nimerudi kuvaa vya zamani, lakini mtu aliyenisengenya nitamjua tu. Na ule upepo wa mwezi wa kumi na moja ulitupiga hapa pia siku ileile. Kumbe ulikuwa mkubwa hadi Kambove.

Sasa nisaidie, maana nimefika mwisho wa akili zangu.

Galeri zina watoto. Galeri kubwa inapimwa, ubavuni inatoka ndogo, na ndogo nayo ina yake. Kwa hiyo programu yangu ikikuta galeri ndogo inajiita yenyewe: nipimie na hii. Vizuri. Lakini mahali pa kuhifadhi adresi ya kurudi ni mahali pamoja tu. Ikijiita mara ya pili, adresi mpya inaandikwa juu ya ile ya kwanza, na ile ya kwanza inafutika. Galeri ndogo ikiisha inarudi salama kwa kubwa. Kubwa ikiisha inatafuta njia ya kwenda juu, inaikuta adresi ya ndogo, inarudi palepale ilipokuwa. Inamaliza tena, inarudi palepale tena. Haipandi. Inazunguka chini huko mpaka opereta aizime kwa mkono.

Nilisimama mbele ya mashine nikatazama taa zake zikiwaka kwa mpango uleule, uleule, uleule. Nikalia, Baba. Opereta alidhani nimepokea habari ya msiba. Zimebaki wiki kumi.

Nimeomba siku tatu za kuja nyumbani, chifu amekubali. Sitakusumbua. Nataka kulala kwenye kitanda changu na kukusikia ukikohoa chumba cha pili, basi. Sema neno moja nitapanda treni.

Léonie


Kambove, 27 Januari 1976

Léonie,

Hapana. Usikuje. Ukikuja na kazi haiyaisha, utalala siku tatu na utarudia na machozi ileile. Usinikasirikie. Miye pia ningependa, Mungu anajua.

Sasa kazi. Unamukumbuka Mulenga wa mapompi, yule mwenye kuimba? Anashuka kiwango ya tatu. Natundika jetoni yake. Saa mbili inapita, kapita, musimamizi wa kiwango ya tano, anapiga telefone: nipe Mulenga, pompi imekufa. Anatoka tatu, anashuka tano. Unafikiri natoa jetoni ya kwanza? Ningeitoa, ningepoteza mutu! Nabakisha ya kwanza, natundika ya pili yulu yake, ya kiwango ya tano. Bakimuita tena kiwango ya sita, natundika ya tatu. Anamaliza sita, natoa ya yulu, naona ya tano: iko tano. Anamaliza tano, natoa ya yulu, naona ya tatu. Anamaliza tatu, natoa ya mwisho, musumari unabakia butupu, Mulenga iko inje, anaimba. Siyatoa hata siku moja ya chini mbele ya yulu. Hata chifu wa mugodi alikuwa hana ruhusa ya kunifanyisha vile.

Musumari iko moja, Léonie. Lakini banaitengeneza murefu, sababu ya ile.

Kula muzuri. Unakonda.

Kapya


Lubumbashi, 7 Machi 1976

Baba! Baba wee!

Imepanda!

Nimeitengea programu sehemu ndefu ya kumbukumbu ya mashine, huo ndio msumari wako. Kila inapojiita inachukua nafasi mpya juu ya ile iliyotangulia, inaandika hapo vitu ilivyopewa na mahali pa kurudi. Ikimaliza inasoma ya juu, inaiacha, inashuka kwa iliyo chini yake. Jumatano saa tano asubuhi tuliipa galeri mia moja arobaini na mbili. Ikashuka, ikashuka, nikashikilia ukingo wa meza. Halafu ikaanza kurudi. Moja, moja, mpaka juu kabisa, na ikatoa jumla. Opereta alipiga makofi. Chifu alitia sahihi, nami ni programmeuse, mwandishi wa programu wa kweli, tangu siku hiyo.

Nikatoka nje nikitaka kumwambia mtu. Nikasimama barabarani. Watu wakapita.

Kazi imeisha, Baba, sasa huna sababu ya kunizuia. Jumapili tarehe 21 nitakuwa Kambove. Usipike, nitapika mimi. Wewe kaa tu nikuone.

Léonie wako


Kambove, 13 Machi 1976

Mwana wangu,

Nilijua utaweza. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, alafu nikaikaa chini.

Lakini tarehe 21 hapana. Nyumba inapakwa chokaa, bintu byote biko inje. Na Aruna iko mugonjwa, niko na kazi yake na yangu. Mwezi wa tano tutaona. Usikasirike.

Nilifurahi sana. Sana, unasikia?

Kapya


Lubumbashi, 16 Machi 1976

Kwa Aruna, chumba cha taa, Kambove

Mjomba Aruna,

Unisamehe kukuandikia wewe. Baba anasema wewe ni mgonjwa, lakini Clovis alikuona Ijumaa ukibeba gunia la makaa begani. Baba anasema pia nyumba inapakwa chokaa. Nyumba ile haijaona chokaa tangu mama alipofariki. Baba yangu hajui kudanganya, na ndiyo maana naogopa.

Ni kifua? Amelazwa? Ana mwanamke na anaona haya kuniambia? Lolote, Mjomba. Nimeshika barua zake zote, nazisoma na kuzisoma, na sijui tena niko na nani. Niambie kweli.

Léonie


Kambove, 24 Machi 1976

Kwa mtoto wetu Léonie, salamu na amani ya Mungu.

Mimi ni mzima, alhamdulilahi. Zabibu mke wangu tangu mwaka jana ananifokea kila siku: "Wazee wazima munadanganya mutoto wa bantu!" Leo nimechoka kufokewa, tena ana haki.

Mzee hayuko Kambove. Alitolewa kazini mwisho wa mwezi wa kumi, kwa ajili ya kifua, daktari alimkataza vumbi. Nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi. Katikati ya Novemba aliondoka, na nyumba imekwisha kuingia watu wengine. Hakutaka ujue. Alisema, ukisikia hana nyumba utaacha mashine uje kumtunza, na miezi sita yako itapotea.

Yuko Lubumbashi. Yuko karibu nawe, mtoto. Alikodi chumba cha matofali mabichi kule Annexe, mtaa wa pembeni mwa mji, nyuma ya kichuguu kikubwa, mlango wa bluu. Analima matembele. Barua zako Clovis alikuwa ananiletea hapa, mimi namrudishia, naye anampelekea mzee kulekule alikozitoa. Clovis alitaka kupunguza njia. Mzee akakataa kabisa: "Aliniandikia ku chumba ya taa. Barua ifike kwanza ku chumba ya taa, njo nisiwe muongo muzima." Zake pia zilipita hapa kabla ya kuja kwako. Na Clovis tulimwapisha, usimgombeze.

Kuna jambo lingine, Clovis ameniambia. Kila siku ya posho, saa sita, mzee anasimama ng'ambo ya barabara mbele ya ofisi yenu. Anakuona ukitoka. Halafu anarudi Annexe kwa miguu.

Siku ya kuondoka, karani alidai jetoni 212 irudishwe. Mzee akasema, "Ya yulu si yangu kuitoa. Mwenyewe hayapanda bado." Karani akapiga kelele, akachoka. Tangu hapo kila mwisho wa zamu naandika kitabuni: moja bado. Leo nimezitoa zote mbili kwenye msumari, lakini sikuzitenganisha. Nimezipitisha kwenye waya vilevile zilivyokuwa, yako juu, yake chini. Clovis atakupa mkononi.

Nenda kwa mzee.

Aruna Yuma


Annexe, Jumapili 28 Machi 1976

Baba,

Jirani yako mama Julienne amenifungulia. Anasema uko shambani unachuma majani. Nimeketi kitandani kwako na kuandika juu ya goti, kwa sababu nikinyamaza nitalia, na watoto wote wa uwanja wamejaa mlangoni wananitazama.

Nilifikiri nakujua uliko. Nilikuwa na adresi yako, Baba, adresi tu, na ndani yake kila kitu kilikuwa kimebadilika. Niliuliza mlango wa jikoni kama bado unalia, nawe ukanijibu!

Kikombe chako ni kimoja. Barua zangu umezifunga kwa kamba ya kiatu. Ukifungua mlango, bomba la moshi la kiwanda linaonekana lote, na chini yake paa la ofisi yetu. Nimezihesabu siku za posho tangu ulipokuja. Ni ishirini. Ishirini, Baba, na mimi nilikuwa natembea mpaka posta na kurudi ili niwe miongoni mwa watu. Kwa nini hukuniita? Nimekukasirikia sana. Sijui nikuandikie nini kingine.

Ndoo yako haina maji. Naenda kuchota bombani, mama Julienne anasema foleni ni ndefu. Jetoni nimezitundika kwenye msumari wa mlango, zote mbili, vilevile. Ukirudi kabla yangu, usifunge.

Léonie


(Nyuma ya karatasi ileile)

Léonie,

Nafika sasa. Batoto ba uwanja banakimbia kunipokea, banasema mwanamuke mwenye viatu ya zamani anaingia mu nyumba yangu na anatoka na ndoo. Nikaona musumari. Nikaikaa pa mulango, nikasoma karatasi yako.

Unauliza yulu ya nini sikukuita. Nilitaka. Siku moja, mwezi wa pili, nilifungua kinywa kabisa. Ulikuwa unatoka peke yako, unahesabu na vidole, midomo inatembea, haukuona hata motokari. Nikasema mu roho: iko chini sana, iko na kazi mu kichwa, nikimuita sasa atapoteza mahali alifika. Nikafunga kinywa. Nyuma ya pale nilijuta mupaka leo.

Kasirika, uko na haki. Lakini kasirika ukiwa hapa.

Nakuona kwa mbali mu foleni, uko wa sita. Ningekuja kukusaidia ndoo, lakini jetoni yako ingali ku musumari na mwenye taa hatoke. Ukiingia, utatoa yako mwenyewe. Alafu miye nitatoa yangu.

Matembele iko, bunga ya bukari, ugali yetu, iko. Kikombe ya pili nimeomba kwa mama Julienne.

Baba yako